Ufinyanzi wa gurudumu haufundishwi Jumamosi moja

Mhariri,

Siku hizi matangazo ya madarasa ya ufinyanzi kwa watu wazima yanapita sana kwenye simu, na ahadi yake inafanana: njoo Jumamosi, keti mbele ya gurudumu linalozungusha udongo kwa muda wa saa mbili, ondoka na kikombe ulichokifinyanga mwenyewe. Kikombe hicho hakiwezi kuondoka siku hiyo. Bado ni tope lenye umbo. Kinatakiwa kikauke nusu, kikwanguliwe kitako, kikauke kabisa, kichomwe, kipakwe gilezi (mchanganyiko unaogeuka kama kioo ukichomwa), kichomwe tena. Ukienda mbio sana ni wiki tatu, na Dar es Salaam wakati wa masika ni zaidi. Kwa hiyo mkufunzi humshikia mgeni mikono, kwa kweli humfinyangia, kisha humwita mwezi unaofuata aje kuchukua chombo chake. Kama burudani hatuna ugomvi nayo, ila isiitwe darasa. Tunaziomba studio za jamii, hasa zinazotumia kumbi za umma, ziendeshe kozi ya wiki nane, kipindi cha saa tatu kila wiki, mtu mmoja kwa gurudumu moja.

Wiki mbili za mwanzo zinamezwa na kazi moja tu: kuuweka udongo katikati. Mgeni apewe bonge la gramu 500 hadi 700. Likiwa dogo zaidi vidole vinakosa pa kushika, na la kilo moja na nusu litamshinda nguvu. Bonge likandwe mara 50 au zaidi, likatwe kwa waya, uso uliokatwa utazamwe. Ukionyesha vitundu au mabaka magumu kwa malaini, likandwe tena, kwa sababu kila kitundu na kila uvimbe hupita chini ya kidole kwenye kila mzunguko na kukisukuma, na mwanafunzi hudhani mkono wake ndio unaotetemeka. Sahani ya gurudumu nayo isiwe na maji pale bonge linapobamizwa, la sivyo bonge zima litachomoka katikati ya kazi.

Hapo gurudumu liende kwa kasi kubwa. Likizunguka kinyume cha saa, kiganja cha kushoto kinasukuma kutoka ubavuni na mkono wa kulia unakandamiza kutoka juu. Kiwiko kibanwe kwenye paja au nyonga. Kiwiko kinachoning'inia hewani hufuata udongo unakokwenda, ilhali udongo ndio unaotakiwa kufuata mkono. Udongo upandishwe uwe na umbo la koni, ushushwe, upandishwe tena, mara mbili au tatu. Kosa linalowakatisha watu tamaa ni kuondoa mikono ghafla: bonge lililokwisha kutulia huyumba palepale. Mikono iachie taratibu, gurudumu likiendelea kuzunguka. Hakuna njia ya mkato hapa, na ndiyo maana tunasisitiza gurudumu moja kwa mtu mmoja. Wawili wakigawana, kila mmoja anapata nusu ya mazoezi na ada haipungui.

Kutoboa shimo ni rahisi, lakini kitako ndicho kinachodai baadaye. Kidole gumba kizame hadi zibaki milimita 8 hivi. Kupima, chomeka sindano kitakoni hadi iguse sahani, weka ukucha pale inapoingilia udongoni, ichomoe usome urefu. Kisha kitako kikandamizwe kwa sponji au pembe ya kidole, kutoka katikati kwenda nje na kurudi. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa haionekani kubadilisha kitu. Baada ya kukauka au kuchomwa ndipo ufa wenye umbo la herufi S hujitokeza chini ya kikombe. Udongo wa pale haukushikana, au maji yaliachwa yametuama ndani, na kitako kikabaki kibichi wakati kuta zimeshakauka na kusinyaa.

Kuinua kuta kunataka kasi ipungue hadi nusu hivi, na kuta za chombo kidogo zinatosha kwa mivuto mitatu au minne. Mgeni humwaga maji kila anapoogopa. Udongo hulegea, shingo hupinda, chombo huketi chini kama mtu aliyechoka. Maji yanahitajika kidogo tu ili vidole viteleze, na yaliyobaki ndani yanyonywe kwa sponji iliyofungwa kwenye kijiti. Mkono ukipanda haraka kuliko mzunguko, huacha mfereji wa kuzunguka ukutani, na hapo ndipo ukuta utakapokatikia.

Kuna zoezi moja wanafunzi hawalipendi, nalo lisiachwe: vyombo vyote vya mwanzo vikatwe katikati kwa waya, kutoka mdomoni hadi kitakoni. Nusu ya kikombe inaonyesha kila kitu, hasa ule unene wa chini unaojificha pale ukuta unapokutana na kitako. Udongo unarudi kwenye ndoo na hakuna kilichopotea. Mtu akimaliza kozi na vyombo vinne vilivyochomwa, amefanya vizuri.

Kinachofuata ni subira, na hapa ratiba ya wiki kwa wiki ina mtego wake. Kitako hukwanguliwa chombo kikiwa kigumu kama ngozi: ukucha unaacha alama, lakini ukuta haubonyei. Kikiachwa wazi kwenye upepo, hali hiyo huja na kupita ndani ya siku moja au mbili, na wiki ijayo mwanafunzi hukuta chombo kikavu ambacho kisu kinaruka-ruka juu yake na kuacha mawimbi. Kwa hiyo kifungwe kwenye plastiki bila mwanya, na mtu wa studio akitazame katikati ya wiki. Mkono wa kikombe ubandikwe katika hatua hiyohiyo, pande zote mbili zikwaruzwe na kupakwa uji wa udongo. Ukibandika mkono mbichi kwenye kikombe kikavu, utabanduka tu.

Watu huamini chombo hupasuka tanurini kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani. Mara nyingi mkosaji ni maji: yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hubomoa ukuta. Kiguse chombo na shavu. Kikiwa cha baridi kuliko hewa ya chumba, bado kina maji. Uchomaji wa kwanza uende polepole sana hadi zipite nyuzi 100, uendelee kwa uangalifu hadi 600, kisha ufike karibu 1,000. Tanuri lisifunguliwe mpaka lishuke chini ya 100, hata kama wanafunzi wamekwisha kukusanyika mlangoni. Uchomaji wa pili, baada ya gilezi, hutegemea udongo: udongo mwekundu wa kawaida huishia nyuzi 1,050 hadi 1,100, na ule mgumu wa mawe hufika 1,220 au zaidi. Ukiupeleka mwekundu kwenye joto hilo la 1,220 utayeyuka na kuharibu rafu za tanuri, kwa hiyo mifuko ya aina hizi mbili isiwekwe pamoja. Milimita 3 za chini ya chombo zifutwe gilezi, vinginevyo kinaganda kwenye rafu. Mwanafunzi aambiwe mapema pia kwamba udongo husinyaa. Ukisinyaa kwa asilimia 12, kikombe cha sentimita 10 kitatoka na 8.8.

Vumbi. Udongo mkavu una silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, na kuivuta kwa miaka huharibu mapafu. Kufagia studio kwa ufagio mkavu kupigwe marufuku: meza na sakafu zifutwe kwa kitambaa kibichi na maji, na chombo kikavu kisisuguliwe kwa msasa bila barakoa. Maji ya kunawia nayo yasimwagwe kwenye sinki, maana udongo huganda kwenye bomba kama saruji. Ndoo tatu zinatosha: nawa kwenye ya kwanza, suuza kwenye ya pili, malizia kwenye ya tatu. Kesho yake udongo utakuwa umetuama chini, maji ya juu yamwagwe bustanini.

Wanaosema kozi kama hii ni ghali wana hoja kuhusu tanuri la umeme, lakini gurudumu si lazima liwe la umeme. Wala ufinyanzi wenyewe haukungoja gurudumu: wanawake wa Usangi huko Upareni na Wakisi wa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa hujenga vyungu vya duara kwa mkono na kuvichoma kwa moto wa wazi, na ingefaa kipindi kimoja kati ya vile vinane wapewe wao, kwa malipo ya mkufunzi. Kwa gurudumu, fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza la teke: fremu ya chuma, mhimili wa bomba nene, beringi mbili za gari, sahani juu, na chini duara la zege la kilo 50 au 60. Uzito huo ndio unaolifanya liendelee kuzunguka mguu ukipumzika. Likijengwa jepesi, kila kandamizo la mkono hulisimamisha, na mwanafunzi hutumia kipindi chote akipiga teke. Magurudumu sita ya namna hiyo yanaingia kwenye ukumbi wa kawaida wa kata, na umeme ukikatika darasa linaendelea.

Wakufunzi wa ufinyanzi,
Dar es Salaam