Usiwape jino moja moja

Rafiki yangu wa siku nyingi,

Salama? Mimi mzima, ila nta ya kuchongea meno imejaa mpaka kwenye kucha, ndo maana nimechelewa kukujibu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, eti umepangiwa kufundisha anatomia ya meno na unaona kama umepewa adhabu. Si adhabu bana. Mi nilianza hivyo hivyo, nikadhani nimetupiwa somo lisilo na mwenyewe, saa hizi mtu akitaka kuninyang'anya tutagombana.

Ila kuna kosa nililifanya miaka miwili mizima, nakuomba usilirudie. Nilikuwa nafundisha jino moja moja. Leo la mbele la katikati, kesho la pembeni yake, kesho kutwa chonge, twende hivyo mpaka gego la mwisho, halafu muhula ukikaribia kuisha ndo nasema haya sasa tuone yanavyokutana. Mtihani wanafaulu vizuri tu, namba za meno wanazijua, 16 ni gego la kwanza la juu kulia, lina mizizi mitatu, miwili upande wa shavu na mmoja upande wa kaakaa, 36 ni la chini kushoto, mizizi miwili, kaspi tano, yaani zile ncha za juu ya jino (mi naziita vilima, wenyewe wanacheka lakini hawasahau). Sasa kuna binti mmoja alichonga hilo gego la chini kwa nta, yaani zuri, mifereji imekaa, vilima vimekaa, nikampa maksi karibu zote. Nikasema hebu tuliweke kwenye modeli ya plasta tufunge taya. Wapi! Kilima kimoja cha upande wa shavu kilikuwa kirefu, meno mengine yote yakabaki hewani, modeli imeachama kama mtu aliyesikia umbea. Akaniuliza, "Sasa mwalimu, jino langu lina kosa gani?" Nikakosa jibu, maana kwa jinsi nilivyomfundisha mimi, halikuwa na kosa lolote.

Toka siku hiyo nikageuza kila kitu. Sasa siku ya kwanza kabisa naanza na midomo yao wenyewe, sanduku la meno silifungui. Nawaambia fungeni meno taratibu, sikilizieni lipi limegusa kwanza. Haya legezeni taya, midomo iwe imefungwa. Wengi wanashtuka hapo, kumbe mtu akitulia meno hayagusani, kuna nafasi ya milimita 2 mpaka 4 hivi kati ya juu na chini. Haya gusanisheni tena msogeze taya la chini kwenda kulia, nini kinagusa? Huyu anasema chonge tu magego yote yameachana, yule anasema hapana mimi chonge na magego madogo, wanaanza kubishana na kuchunguliana midomo na mimi sijaandika neno ubaoni. Hapo ukiwaambia chonge ndo lenye mzizi mrefu kuliko meno yote, hawaandiki kama kitu cha kukariri, wanajishika shavu wanatafuta huo mzizi.

Magego nawafundisha kwa kinu na mchi. Vilima vya gego la juu vya upande wa kaakaa ni mchi, vinatua kwenye shimo la gego la chini. Lakini vilima vya chini vya upande wa shavu navyo ni mchi, kinu chao kiko juu. Kwa hiyo kila gego linatwanga na kutwangiwa kwa wakati mmoja. Na vile vingine vinavyobaki je? Vinasukuma shavu na ulimi visije vikaingia katikati vikang'atwa. Ukishawapa hilo, mwanafunzi anayechonga anajua kilima kipi akikirefusha ameharibu na kipi kina nafuu kidogo, huhitaji kumkaba.

Swali ninalolipenda kuliko yote: kwa nini karibu kila jino linakutana na mawili ya upande wa pili, isipokuwa la mbele la katikati la chini na gego la mwisho la juu? Usiwape jibu, waache wapime. Watakuta la katikati la juu lina upana kama milimita 8.5 na mwenzake wa chini 5 tu, basi kuanzia hapo safu nzima ya juu imesogea nyuma kidogo. Siku wakifika kwa Edward Angle, yule daktari wa meno wa Marekani, na mpangilio wake wa 1899 wa jinsi meno yanavyokutana, kwamba kilima cha mbele cha gego la kwanza la juu upande wa shavu kinatua kwenye mfereji wa gego la kwanza la chini, hawashangai, wanaona ni lazima iwe hivyo. (Hilo gego lenyewe usilipite haraka. Linaota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, halijang'oa jino lolote, mzazi anadhani nalo ni la utoto anaacha lioze.)

Jino la katikati la chini lipitie tu. Kulia na kushoto vinafanana mno, kuliweka kwenye mtihani ni uonevu.

Halafu wahadithie yaliyonikuta mimi, nakuruhusu. Nilizibwa gego, ganzi bado iko, nikaambiwa uma, nikauma, nikasema sawa. Sawa gani wakati shavu lote limekufa! Kesho yake kila nikifunga mdomo jino hilo moja linapokea mzigo wa taya zima, siku ya tatu hata uji ulikuwa kazi. Na kilichozidi kilikuwa chembamba kuliko unywele. Kwa hiyo ukifika kwenye karatasi ya rangi ya kupima mgongano, wafundishe mgonjwa akae wima wapime tena, asibaki amelala tu kwenye kiti, maana taya linahama. Na alama kubwa ya rangi si lazima iwe ndo penye nguvu nyingi, kuna kidoa kidogo kinachoumiza kuliko doa zima. Wanafunzi wangu wanakimbilia doa kubwa kila mara, wanasaga pasipo na kosa, na enameli, lile ganda gumu la jino, ikishasagwa hairudi.

Nitumie ratiba yako nione wamekupa masaa mangapi ya maabara. Kama ni mihadhara mitupu, omba angalau nta na modeli za plasta, na kama watakataa niambie mapema, nina modeli za zamani nimezihifadhi kabatini, mbili zimevunjika chonge lakini zinafunga vizuri.

Wako yule yule