Barua ya wazi kwa wauguzi na matabibu vijana: aliyemaliza matibabu ya saratani ni mgonjwa wenu

Wanangu na wajukuu zangu mnaohudumu katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya,

Nimestaafu uuguzi, lakini macho na masikio yangu hayajastaafu. Ninawaandikia kwa sababu kuna jambo nimelitazama likiharibika mara nyingi mno hadi limenifika kooni, nalo ni namna tunavyowapokea watu wanaorudi nyumbani baada ya kumaliza matibabu ya saratani. Mtu anapelekwa hospitali kubwa za saratani, Ocean Road jijini Dar es Salaam au Bugando jijini Mwanza, anachangiwa nauli, anaombewa, anapigwa mionzi wiki baada ya wiki, anatundikiwa dripu zinazomng'oa nywele na kumtapisha, kisha siku anapoambiwa kuwa amemaliza, sote tunamshukuru Mungu na kugeukia mambo mengine. Hospitali kubwa inamruhusu ikiamini kwamba ninyi mtamwangalia, ninyi mnaamini kwamba yule ni mgonjwa wa hospitali kubwa, na yeye anabaki katikati bila mwenyewe.

Kilichonitia uchungu zaidi ni mkasa wa jirani yangu, mama muuza samaki wa kukaanga, ambaye aliondolewa titi pamoja na mitoki ya kwapani, akapata dripu na mionzi, akarudi sokoni kwake akiwa na afya iliyowashangaza waliokuwa wamekwisha kumlilia. Baada ya muda alianza kuumwa mgongo, maumivu ambayo yalizidi usiku alipolala na hayakupungua hata alipopumzika. Alikwenda kwenye kituo kilicho karibu, akachomwa sindano ya daiklofenaki, dawa ya maumivu. Alirudi, akachomwa nyingine na kushauriwa aache kubeba ndoo. Aliporudi tena aliambiwa ni yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa vidonge. Safari zote hizo alikuwa na mfuko wa nailoni wenye karatasi yake ya kuruhusiwa, iliyokunjwa mara nne, na safari moja aliitoa akaiweka mezani. Tabibu aliisogeza kando kwa kiwiko ili apate nafasi ya kufungua rejesta. Ilipofunguliwa hatimaye, katika hospitali ya mkoa, miguu yake ilikuwa imekwisha kupooza na mkojo umeziba. Mstari wa mwisho wa karatasi ile ulisema kwamba akipata maumivu mapya ya mgongo au ya mifupa arudishwe haraka.

Leo anatembelea kiti cha magurudumu, na samaki wanakaangwa na binti yake aliyeacha shule.

Simlaani kijana yule, kwa maana najua foleni iliyokuwa mlangoni kwake. Ila nataka kila mmoja wenu aelewe alichokipuuza. Saratani ya matiti inaporudi hupenda kukimbilia mifupa, na mifupa ya mgongo huwa miongoni mwa ya kwanza. Uvimbe ukianza kuubana uti wa mgongo, muda wa kuokoa miguu huhesabiwa kwa saa na siku, si kwa wiki. Aliyefika kwa mtaalamu akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Aliyefikishwa akiwa amekwisha kupooza ni mara chache huinuka tena. Kwa hiyo mtu yeyote aliyewahi kutibiwa saratani, akija na maumivu mapya ya mgongo, ganzi au udhaifu wa miguu, au akashindwa kuzuia haja au kukojoa, hiyo ni dharura ya siku ile ile. Mpigieni simu daktari wa hospitali ya rufaa, aanzishiwe dawa ya kupunguza uvimbe kadiri atakavyoelekeza, na gari liondoke. Sindano ya maumivu si kosa, lakini kumchoma na kumrudisha nyumbani ni kosa.

Nirudi kwenye karatasi, kwa maana hiyo ndiyo hasira yangu ya siku nyingi. Karatasi ya kuruhusiwa ndiyo barua pekee ambayo mabingwa wa saratani wanawaandikia ninyi. Inasema ugonjwa ulikuwa wapi na umefikia hatua gani, mgonjwa alipata dawa zipi na mionzi kiasi gani, anaendelea na vidonge gani, na kitu gani kikitokea arudi. Ninyi mnaipokea kama risiti ya duka. Mnamwuliza mama, "Unasumbuliwa na nini leo?", naye kwa adabu yake anajibu lile la leo tu, kwa sababu hajui kwamba titi la mwaka juzi lina uhusiano na mgongo wa wiki hii. Kujua uhusiano huo ndiyo kazi mliyosomea. Swali la kama mtu amewahi kutibiwa saratani liulizwe kama tunavyouliza habari za mzio wa dawa, na jibu likiwa ndiyo, liandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la daftari lake ili hata wa zamu ya usiku alione.

Na ndugu zangu wa hospitali kubwa nao wasijifiche nyuma ya mlango. Nimesoma karatasi zilizojaa vifupisho vya Kiingereza ambavyo hata daktari wa wilaya hawezi kuvifumbua, zikimalizika na maneno "arudi baada ya miezi mitatu" bila namba ya simu ya mtu wa kuulizwa. Mgonjwa mwenyewe hana hata mstari mmoja wa Kiswahili wa kushika. Mnamwandikia nani?

Yapo mengine ambayo nitayataja kwa ufupi, kwa kuwa mnaweza kuyasoma wenyewe. Mkono wa upande lilikoondolewa titi unaweza kuvimba miezi au hata miaka baadaye; si matende wala si kurogwa, na ukiwa mwekundu wenye joto una maambukizi yanayohitaji dawa upesi. Aliyepigwa mionzi ya nyonga anaweza kukojoa damu au kupata choo chenye damu muda mrefu baada ya kumaliza. Usimtibu yutiai mara tatu mfululizo bila kumpeleka kwa mtaalamu. Aliyepewa sisplatini, mojawapo ya dawa za dripu za saratani, anaweza kubaki na ganzi ya vidole, mvumo wa masikioni na figo zilizodhoofika, kwa hiyo fikirini kabla ya kumwandikia daiklofenaki ya mwezi mzima. Tamoksifeni, vidonge vya kuzuia saratani ya matiti isirudi, hunywewa miaka 5, na wengine hufika 10. Mwanamke aliyekoma hedhi akiwa anainywa na akaona damu ukeni, achunguzwe.

Kuna moja sitalipitia haraka, kwa kuwa naona mnavyoangalia chini likitajwa. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii ni ya mlango wa kizazi, na wengi wao hutibiwa kwa mionzi ya nje na ya ndani. Mionzi ile hukausha uke na kuubana, na kwa mwanamke ambaye bado yumo katika umri wa kuzaa humkomesha hedhi, akaanza kuwaka joto usiku wakati wenziwe wa rika lake bado wananyonyesha. Hakuna anayemwambia. Anarudi kwa mumewe, tendo la ndoa linakuwa maumivu na pengine damu, mume anadhani ugonjwa umerudi au anadhani amechukiwa, na baada ya muda tunasikia ameoa mke mwingine. Tuna mashangazi na makungwi wanaomfundisha binti kila jambo la unyumba kabla hajaolewa, lakini mwanamke huyu hana kungwi hata mmoja. Basi muwe ninyi. Mweleze kwamba hali hiyo inatokana na tiba, kwamba vipo vilainishi na vifaa vya kutanua uke anavyoweza kuelekezwa kuvitumia baada ya vidonda kupona, na kwamba mumewe hawezi kuambukizwa saratani wala kuchomwa na mionzi kwa kulala naye. Mwite mume pia, mkae watatu, funga mlango, uongee naye kama mtu mzima. Msifanye haraka, na msicheke.

Mtaniambia, bibi, hayo yote yanahitaji mfumo, nasi hatuna. Hapo ndipo siwezi kukubaliana nanyi, kwa sababu mfumo tunaujua na tumeujenga kwa mikono yetu. Tangu mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure, tumejifunza kumfuatilia mtu maisha yake yote. Ana kadi ya CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya wanaoishi na VVU, na namba yake, ana tarehe, na asipotokea anatafutwa kwa simu na kwa miguu mpaka kijijini, kwa siri na kwa heshima. Jina la mtoro linajulikana kabla ya mwezi kwisha. Lakini mwanamke aliyemaliza mionzi ya mlango wa kizazi, ambaye anatakiwa kuonwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka 2 ya mwanzo kwa kuwa ndipo ugonjwa hurudi zaidi, akikosa tarehe hakuna anayejua kama amekosa nauli au amekwisha kuzikwa. Na ajabu ni kwamba wengi wa wanawake hao ndio wale wale wa CTC, kwa maana anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hiyo mara sita kuliko asiye navyo. Mnampigia simu kwa ajili ya vidonge vya asubuhi, na hamumwulizi habari za ugonjwa uliokaribia kumwua.

Sitaki kuwabebesha ninyi peke yenu. Jamii yetu nayo ina lake. Sherehe ya harusi inakaliwa vikao, kadi za mchango zinasambazwa mpaka kwa watu wasiomjua bwana harusi, na fedha zinapatikana. Mtu akihitaji nauli ya kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa ajili ya kipimo cha kila mwaka, wanaukoo wanaulizana kwa nini anakwenda tena ilhali alishapona. Akifa, fedha zinarudi, na sanda, wali na maturubai havikosi. Wapo pia watumishi wa Mungu wanaomwambia mama kwamba amekwisha kuponywa na aache vidonge kama ushuhuda wa imani. Nami ni mtu wa ibada, lakini sijaona andiko linalokataza tamoksifeni.

Sasa nawaagiza. Jumatatu hii nunueni kaunta buku, mchore safu: jina, kijiji, simu mbili, ikiwemo ya ndugu, aina ya saratani, tiba aliyopata, mwezi aliomaliza, tarehe ya kurudi, amerudi au hajarudi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe orodha ya mtaa wake. Wale wa mpango jumuishi uliozinduliwa mwaka 2024 wanapita nyumba kwa nyumba tayari, wala hawahitaji safari ya ziada ili kuuliza habari za mgongo, za damu, za mkono, za usingizi na za hofu ya ugonjwa kurudi, ambayo huwala watu kimyakimya. Kila mwisho wa mwezi mmoja wenu aketi na kitabu hicho na simu mkononi. Na mganga mfawidhi akisema kwamba kituo hakina fungu la kununua kaunta buku na vocha, nipeni jina la kituo, nitakuja kumwuliza mwenyewe.

Bibi yenu,
Muuguzi mstaafu