Shukrani kwa bibi wa mashine ya chupa

Shikamoo bibi mwenye koti la kijani, tuliyekutana Jumamosi jioni kwenye duka kubwa la Neukölln, Berlin. Jina lako silijui, ila asante sana.

Nilikuwa na wiki ya tatu Ujerumani, na chupa za maji nilikuwa nazikanyaga na kuzitupa. Ukanizuia mkono kwenye pipa, ukanipeleka kwenye mashine ya kurudishia chupa, ukaigeuza chupa taratibu mpaka nikaiona ile alama ndogo: chupa, kopo na mshale. Senti 25 kila moja! Ile ya bia, ya kioo, senti 8. Karatasi ilipotoka ukaniashiria niipeleke kwa keshia, nikapata kama euro mbili na nusu. Kwetu Tanga nimekua nikirudisha chupa za soda dukani kwa Mangi, kwa hiyo jambo lenyewe nililijua. Mashine ndiyo sikuijua.

Halafu ukanionyesha mlango, ukasema polepole: kesho Jumapili, kumefungwa. Hilo sikuambiwa na mtu. Ukanisubiri nichukue mkate, mayai na maziwa.

Bibi, Jumapili ile nilikula nikashiba. Mungu akupe afya.