Harambee ya glavu: watoto wetu na jirani yao Bud Fowler

Ndugu, jamaa na majirani wa Utica, jimbo la New York, salaam.

Jumamosi iliyopita kijana wetu wa miaka kumi alidaka mpira wa besiboli kwa mkono mtupu. Mpira ule si kama wa soka, ni mgumu kama jiwe lililovishwa ngozi. Kidole kilivimba, mama yake akakikanda kwa barafu huku akituuliza, "Nyie viongozi, glavu ziko wapi?" Glavu ziko tano, mama. Watoto ni kumi na tisa.

Ndiyo maana tunabisha hodi. Kabla hatujataja pesa, tuwaambie habari za jirani.

Hapo Frankfort, ukiufuata mto Mohawk kuelekea mashariki, amezikwa John W. Jackson, ambaye uwanjani alijiita Bud Fowler. Alizaliwa mwaka 1858 Fort Plain, akakulia Cooperstown, akajifunza ukinyozi. Tarehe 24 Aprili 1878, akiwa na miaka 20, alikuwa mrushaji, yaani anayemtupia mpigaji mpira, dhidi ya mabingwa, timu ya Boston, na timu yake ikashinda 2–1. Mwaka huohuo timu ya Lynn, Massachusetts, ikamwajiri. Ndiye mtu mweusi wa kwanza anayejulikana kulipwa mshahara wa besiboli. Siku hizo mrushaji aliachia mpira mkono ukiwa chini ya kiuno, na wachezaji wengi walidaka bila glavu. Kwa hiyo kijana wetu hakuanza yeye!

Baadaye Fowler aliacha kurusha, akawa mlinzi wa besi ya pili, yaani kituo cha pili kati ya vinne anavyopitia mkimbiaji. Alihama mji hadi mji: Stillwater, Keokuk, Topeka. Kila alipofika alicheza vizuri, na kila mara ikawa lazima afungashe tena. Mwaka 1887 alikuwa Binghamton, anapiga mpira kuliko wengi, lakini wenzake weupe wakagoma kucheza naye na klabu ikamwachia aende zake. Tarehe 14 Julai mwaka huo viongozi wa International League, ligi aliyochezea Binghamton, wakapiga kura: asisajiliwe tena mweusi. Sisi tuliokaa kambi za wakimbizi tukingoja faili zetu zifunguliwe tunaijua hali hiyo, ya mtu kuwa tayari na mlango kufungwa.

Hakukaa kulia. Alisaidia kuanzisha Page Fence Giants huko Adrian, Michigan, timu ya weusi iliyosafiri kwa behewa lake yenyewe. Wakifika mji, wachezaji walipita mitaani kwa baiskeli kuwaita watu uwanjani. Mechi zilipokosekana alishika mkasi na wembe. (Vinyozi wetu, tunawaangalia ninyi hasa.)

Alifariki Frankfort mwaka 1913, maskini, akazikwa bila jiwe. Miaka 74 kaburi lilikaa hivyo, mpaka watafiti wa historia ya besiboli walipochanga na kumwekea jiwe mwaka 1987. Mwaka 2022 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la besiboli (Hall of Fame), panapoenziwa magwiji wa mchezo huu, lililoko palepale Cooperstown alikokulia.

Sasa hesabu. Glavu 14 ni dola 560. Helmeti sita, 180. Vifaa vya mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na ndiye anayekula mipira mingi, 150. Magongo manne, 200. Basi dogo la kuwapeleka watoto Cooperstown, tukipitia kaburini Frankfort, 410. Jumla dola 1,500. Mkononi tuna 385, nyingi zikiwa za akina mama wa sambusa, Mungu awabariki.

Dola tano inapokelewa. Glavu ya zamani iliyolala gereji inapokelewa pia, ila utuambie ni ya mkono gani, maana tuna watoto watatu wa mashoto. Mchango mpe mweka hazina baada ya sala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili, au tuma kwa namba iliyo kwenye kundi letu la WhatsApp. Majina na kiasi vitasomwa hadharani, na risiti za duka zitabandikwa hapohapo kwenye kundi.

Mazoezi ni Jumamosi saa nne asubuhi. Njooni na chai.