Kabla ya kuwa mlevi alikuwa seremala

Mhariri,

Juzi gazeti moja liliandika habari ya mtu wa mtaani kwetu aliyekutwa amekufa mtaroni. Neno la kwanza kwenye kichwa cha habari lilikuwa "mlevi". Jina lake lilikuja aya ya nne. Kwamba alikuwa seremala, na nusu ya milango ya mtaa huu aliitengeneza yeye, halikuandikwa.

Huku Iringa, msimu wa mvua machipukizi ya mianzi yakishakatwa, ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, hunywewa na kila mtu, hata anayetoka kanisani, na hakuna anayeshangaa. Tunacheka na mnywaji, tunamwongezea lita. Siku mikono ikianza kumtetemeka asubuhi, tunamrekodi kwa simu akiyumba na kumsambaza kwenye magrupu. (Akiwa mwanamke, tusiseme.)

Shirika la Afya Duniani linauhesabu utegemezi wa pombe kuwa ni ugonjwa. Kutetemeka kule si uzembe: mwili umeshaizoea pombe, na mtu wa namna hiyo akiacha ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Kwa hiyo "si aache tu!" ni ushauri wa hatari. Anahitaji daktari. Lakini kaka yangu alikaa miaka sita bila kwenda hospitali, akiogopa kuonekana kwenye foleni.

Najua "mtu mwenye utegemezi wa pombe" ni maneno marefu, hayaenei kwenye kichwa cha habari. Basi andikeni seremala.

Msomaji wenu,
Kihesa, Iringa