Mchezaji aliyeshinda na njaa hashindi mechi

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba vijana wa Tanga wa siku hizi ni wazembe, kwamba dakika ya sitini wanakuwa hoi, na kwamba dawa yao ni kukimbizwa mchangani Raskazone kila alfajiri mpaka wakome. Namheshimu. Naona anaipenda soka ya mji huu kama tunavyoipenda sisi tuliokuwapo Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988. Ila kwa hili nimkatalie. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, na timu za shule zilipokuwa zikiweka kambi kujiandaa na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, jukumu langu lilikuwa jikoni. Kwa macho ya mpishi, ninachokiona viwanjani ni njaa.

Nenda kiwanja chochote cha mtaani siku ya Jumapili, Makorora au Mikanjuni, mechi ya saa kumi. Mtazame winga. Kipindi cha kwanza anampita beki anavyotaka, watoto wanashangilia. Ikifika dakika ya sitini na tano anapigiwa pasi ndefu, naye anausindikiza mpira kwa macho tu, mikono kiunoni, mpaka unatoka nje. Benchi linamtukana. Sasa muulize amekula nini tangu asubuhi. Chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana hakugusa kitu kwa kuogopa kuwa mzito. Saa tisa na nusu rafiki yake akamnunulia kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, akalimaliza huku anafunga kamba za viatu.

Kijana huyo ana pumzi na ana mazoezi ya kutosha. Alichoishiwa ni wanga, ule tunaoupata kwenye ugali, wali na viazi. Misuli inayokimbia kwa kasi hutegemea wanga kuliko kitu kingine chochote, na mwili huuhifadhi ndani ya misuli yenyewe na kwenye ini, kwa jina la glaikojeni. Akiba hiyo si kubwa: kwa mtu mzima aliyekula vizuri ni kama nusu kilo, na ile ya kwenye ini hupungua sana usiku tukiwa tumelala. Mafuta ya mwilini yapo tele hata kwa mtu mwembamba, lakini huchomwa polepole. Yanamtosha anayetembea kwenda sokoni, hayamtoshi anayeiwahi krosi. Kwa hiyo ukimtoa kijana kitandani alfajiri, tumbo tupu, ukamkimbiza mchangani, kisha akaenda kubeba zege kutwa nzima, jioni unamkuta hana alichobakiza. Hicho kinywaji cha kopo kina kafeni na sukari. Kafeni kweli humchangamsha mtu, wala sisemi ni uongo, ila kumchangamsha mtu ni jambo moja na kumlisha ni jambo jingine.

Tena kuna hili ambalo makocha wetu wengi wa mtaani hawalipi uzito. Mazoezi peke yake hayajengi. Zoezi gumu huchosha misuli na kuiumiza kidogo kidogo ndani, na ujenzi wenyewe hufanyika baadaye, mtu akishakula na kulala. Asiyekula baada ya mazoezi anabomoa leo na kubomoa kesho. Mtu asiyefanya mazoezi inamtosha gramu 0.8 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwanamichezo anahitaji kati ya gramu 1.2 na 2. Kijana wa kilo 60, basi, atafute gramu 72 hadi 120 kutwa, na azigawe kwenye milo yote badala ya kuzisubiri usiku.

Ukizisikia hesabu hizo unaweza kudhani nazungumzia makopo ya unga wa protini yanayouzwa kwenye kumbi za kunyanyua vyuma. Wapo vijana wanaojinyima chakula cha nyumbani ili wanunue kopo. Kijiko kimoja cha unga ule huwa na gramu 20 hadi 25 za protini. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina gramu 20 hivi, nusu lita ya maziwa ina gramu 16, yai moja lina 6. Na sisi tuko Tanga! Asubuhi vibua wanashushwa Deep Sea, kwenye soko letu la samaki, maziwa yanasindikwa hapa hapa mjini, machungwa yanatoka Muheza, mboga na matunda yanateremka kutoka Lushoto. Asiye na pesa ya samaki ana mbaazi, kunde na dagaa. Mbaazi za nazi na maandazi tunazokula asubuhi ni chakula kizuri cha mwanamichezo, kasoro mafuta yake, ambayo hukaa tumboni muda mrefu, kwa hiyo zisiliwe karibu na mechi.

Suala la muda nalo lina utaratibu wake, na si mgumu. Mlo kamili uliwe saa tatu au nne kabla ya mchezo. Mechi ikiwa saa kumi alasiri, saa sita na nusu kijana ale ugali au wali, samaki wa kuchemsha au kunde, na mchicha kidogo. Saa tisa ale ndizi mbivu moja au mbili. Akishapuliziwa filimbi ya mwisho asisubiri mpaka afike nyumbani saa mbili usiku, maana misuli hupokea wanga kwa kasi zaidi katika saa za mwanzo baada ya mazoezi. Uji wa maziwa unatosha, au viazi vitamu vya kuchemsha na yai.

Anayesema vijana wetu hawawezi kufuata ratiba ya namna hiyo, akumbuke Ramadhani. Mwezi huo kila kocha anajua mchezaji wake amekula nini na saa ngapi. Mazoezi yanasogezwa usiku, kijana anafungua kwa tende na maji, anakunywa uji, anakula mihogo au tambi kiasi, anaswali, ndipo anaingia uwanjani, na daku haliachwi. Mwezi ukiandama, kila mtu anarudi kwenye chai na maandazi kana kwamba mwili umebadilika.

Maji sasa. Joto letu la Januari hadi Machi, pamoja na unyevunyevu wa bahari, halina mchezo. Kocha mwenye mizani anaweza kufanya jaribio dogo: ampime kijana kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi, akiwa amejifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Kijana wa kilo 60 akipungua kilo 1 na gramu 200, amepoteza asilimia 2 ya uzito wake, na kuanzia hapo kasi na umakini huanza kushuka. Mazoezi yasiyozidi saa moja, maji matupu yanatosha. Yakizidi, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vinne vya chakula vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, kamulia limau. Madafu ni mazuri na mimi ni mpenzi wake, lakini dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, haba, na jasho hutoa sodiamu zaidi. Anayetoka jasho jingi akinywa dafu, ale na kitu chenye chumvi.

Ninalolililia zaidi ni la mabinti zetu. Soka ya wanawake inakua, netiboli haijawahi kukosa wachezaji, na binti mchezaji hupoteza madini ya chuma kila mwezi kwa hedhi, juu ya ugumu wa mazoezi yenyewe. Akipungukiwa chuma, damu hubeba oksijeni kidogo, anachoka mapema, anahema, na anaambiwa ajitahidi. Kumbe pengine tatizo liko kwenye kikombe: chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha mboga na kunde kisifyonzwe vizuri. Chai isogezwe saa moja au mbili mbele, mahali pake pawe na chungwa au embe, kwa sababu vitamini C hukisaidia chuma kuingia mwilini. Na lipo kubwa zaidi. Binti anayefanya mazoezi mengi kwa chakula kidogo anaweza kukosa hedhi kabisa. Wapo makocha wanaoliona hilo kama dalili kwamba mazoezi yamekolea. Mwili unakuwa umebana matumizi kwa kukosa nishati, na unaanza kubana mpaka kwenye mifupa, ambayo hudhoofika na kupasuka kwa mikimbio ya kawaida. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitolea tamko jambo hili mwaka 2014 na ikaeleza kwamba wanaume pia huathirika. Binti aliyekosa hedhi miezi mitatu mfululizo apelekwe hospitali, na kocha mwanamume akiona haya kuuliza, timu iwe na mama wa timu.

Sisi watu wazima tusijidhani tumesalimika. Vikundi vya mbio za asubuhi vimekuwa vingi mjini, jambo jema. Ila nawaona Jumamosi wakishamaliza: supu ya kongoro, chapati mbili, soda baridi. Nusu saa ya kukimbia pole pole humchoma mtu wa kawaida kalori 250 hadi 300. Chapati moja iliyokolea mafuta inazirudisha karibu zote, na soda ya chupa ndogo ina sukari ya gramu 30 na ushei. Halafu mtu analalamika kitambi hakishuki! Hata hivyo asiache kukimbia, kwa kuwa moyo, shinikizo la damu na sukari hunufaika hata mizani isiposogea. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, inapofanya kazi kwa udhaifu, ndiyo maana mwenye kisukari akitembea robo saa baada ya kula hupata nafuu ambayo angeikosa kwa kulala. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Wenye baiskeli, na Tanga bado tunazo, wanaweza kuzifikisha kwa kwenda na kurudi kazini tu.

Ombi langu kwa viongozi wa timu za mitaa na waandaaji wa mashindano ni dogo. Mfadhili akija, mazungumzo huwa ya jezi na mpira. Jezi zisubiri kidogo. Mikungu miwili ya ndizi, ndoo ya maji yenye mfuniko, sukari, chumvi na malimau havifikii bei ya seti moja ya jezi, na vinaihudumia timu kwa mechi kadhaa. Mechi za saa nane mchana wakati wa joto zisogezwe hadi saa kumi, na mwamuzi aruhusu mapumziko ya maji katikati ya kila kipindi. Timu ikipata mama lishe mmoja wa karibu na uwanja, ikakubaliana naye awapikie wachezaji chakula cha saa sita na nusu siku ya mechi, walipe kwa mwezi. Wapo wengi Ngamiani ambao wataikubali kazi hiyo. Wanachotaka ni idadi ya sahani ijulikane jana yake, na deni lisilale.

Mwalimu Mstaafu,
Chumbageni, Tanga