Laptopu tatu zimefungwa BIOS, flashi ya Windows haifui dafu

Ndugu wataalamu,

Salaam, na poleni na kazi. Naomba ushauri kuhusu kompyuta 12 za darasa la chuo kidogo cha ufundi hapa Morogoro. Nane ni HP EliteBook 840 G3 zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika: Core i5-6300U, RAM GB 8, SSD. Nne ni za mezani, Dell OptiPlex 780 zenye Core 2 Duo E8400 na RAM GB 4. Zote zilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025, na zote zimo kwenye mtandao mmoja na kompyuta ya mhasibu wa chuo. Siwezi kuziacha hivyo.

Za mezani nimeshazifanyia uamuzi. E8400 haina maagizo ya SSE4.2 na POPCNT, na Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 haiwaki bila hayo. Kuruka ukaguzi wa kisakinishi hakusaidii kitu, maana prosesa yenyewe haielewi agizo inalopewa. Hizo zinapata Linux Mint 22 ya Xfce, mfumo endeshi wa bure usio Windows, unaohudumiwa hadi 2029. ISO yake (faili la usakinishaji) ikishaandikwa kwenye flashi inawaka kwenye BIOS ya zamani (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) na kwenye UEFI, mrithi wake, vilevile, na unaweza kujaribu sauti, intaneti na printa kabla hujagusa diski.

Laptopu lazima zibaki na Windows, kwa sababu programu ya uhasibu tunayofundishia haifanyi kazi kwingine. i5-6300U ni kizazi cha 6 na Microsoft inataka cha 8 kwenda juu, lakini SSE4.2 inayo, kwa hiyo Windows 11 ikilazimishwa inawaka. Najua gharama yake: matoleo makubwa ya kila mwaka hayatakuja yenyewe, itabidi niyasakinishe kwa mkono.

Flashi nimeitengeneza kwa Rufus, programu ya kuandaa flashi za kusakinishia: GB 16, mpangilio wa diski wa GPT kwa UEFI, na tiki kwenye kisanduku kinachoondoa sharti la TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka). Kwanza niliipima ujazo wake halisi kwa programu ya H2testw, kwa kuwa madukani kuna flashi zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani hazifiki hata 8. Flashi ya namna hiyo inanakili mpaka mwisho bila kulalamika, kisha usakinishaji unakatika katikati kwa kosa la faili lililoharibika. Vilevile sikunakili mafaili kwa mkono. Flashi yenye mfumo wa mafaili wa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na install.wim, faili kuu la Windows, huwa inapita hapo. Ukihamia NTFS, mfumo mwingine wa mafaili, UEFI ya laptopu nyingi haiioni flashi kabisa. Rufus inaongeza kipande kidogo cha FAT chenye kiendeshi cha kusoma NTFS. Laptopu tano zimewaka kwa F9 na kumalizika bila tatizo.

Tatu zilizobaki ndizo zinazonitoa jasho. Ukibonyeza F10 zinadai nywila ya msimamizi wa BIOS, iliyowekwa na kampuni iliyozimiliki mwanzo. Muuzaji anasema hana. F9 inafunguka, lakini flashi haimo kwenye orodha kwa sababu kuwaka kwa USB kumezimwa ndani ya BIOS. Kutoa betri ndogo ya CMOS hakufuti nywila kwenye EliteBook hizi. Imehifadhiwa kwenye chipu isiyotegemea umeme.

Nilifikiria kupandisha Windows kutoka ndani: kufungua ISO ndani ya Windows 10, kuweka AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU kuwa 1 kwenye rejista, kisha kuendesha setup.exe. Ila msinfo32 inaonyesha BIOS Mode ni Legacy, yaani kuwaka kwa njia ya BIOS ya zamani, kwenye zote tatu, diski zake ni MBR (mpangilio uliotangulia GPT), na kisakinishi kinakataa kompyuta isiyo ya UEFI. Programu ya MBR2GPT itabadilisha diski, sawa, lakini nisipoweza kuingia BIOS kugeuza Legacy kuwa UEFI, kompyuta haitawaka tena.

Kwa hiyo nina njia mbili mezani. Ya kwanza: nitoe SSD, niifunge kwenye laptopu mojawapo isiyo na nywila, niigeuze hiyo kuwa Legacy kwa muda, nisakinishe Windows 11 kwa flashi ya MBR, kisha niirudishe SSD kwake. Vifaa ni vya aina moja, kwa hiyo viendeshi havinipi wasiwasi. Ya pili: zibaki na Windows 10 na kulipiwa masasisho ya usalama ya ziada, ambayo taasisi za elimu zinauziwa kwa dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, 2 wa pili na 4 wa tatu.

Naomba mnisaidie kwa haya. Je, kuna aliyewahi kukaa na Windows 11 kwenye Legacy kwa mwaka mzima, na ilipofika zamu ya toleo jipya, ilikubali kupanda au ilibidi SSD itolewe tena? Na kuna aliyefanikiwa kufunguliwa nywila na HP kwa risiti ya mitumba, ambayo jina la mmiliki wa kwanza halimo? Bei ya kubadilisha ubao mama ninayoambiwa inakaribia bei ya laptopu nyingine, hivyo hiyo nimeiweka kando.

Wanafunzi wanafungua muhula baada ya wiki tatu.

Msomaji wenu,
Morogoro